Tuzo ni ya Nani?



Jumapili moja baada ya ibada, vijana wetu wanaoandaa igizo la Krismasi walibaki chini ya mwembe wakibishana. Usiku uliotangulia walikuwa wametazama katika televisheni sherehe ya kutoa tuzo za filamu na tamthilia za hapa nchini. Baadhi yao walifurahi kwamba mchezaji wanayempenda amepata. Wengine walinung'unika kwamba aliyestahili ameachwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akawaambia kwamba mambo hayo yote ni majivuno, na kwamba mtu mwema hafanyi kazi ili apigiwe makofi. Mama mmoja akamjibu mzee kwa methali, "Mcheza kwao hutuzwa." Basi wote wakatugeukia sisi, kwa kuwa tulipata kuwa walimu, wakataka tuamue.

Siku ile hatukuamua. Tuliwaambia tutaandika. Swali hili si dogo kama linavyoonekana, na zaidi ya hayo sisi wenyewe tunalo deni katika jambo hili, ambalo tutalieleza huko mbele.

Neno lenyewe

Tuanze na methali ya yule mama. Wengi siku hizi husema "mcheza kwao hutunzwa", kana kwamba mchezaji ni mtoto mchanga wa kulelewa. Walimu waliotufundisha chuo cha ualimu walikuwa wakali sana juu ya jambo hilo. Neno ni "hutuzwa", kutokana na kutuza, yaani kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji kwa sababu amekupendeza. Kila aliyehudhuria ngoma ya harusi ameona mambo hayo. Mama anaondoka kitini, anaingia uwanjani akicheza polepole, anampachika mwimbaji noti katika paji la uso, kisha anarudi mahali pake. Akiwa na noti ya pili, humpelekea mpiga ngoma.

Tazameni mambo matatu katika desturi hiyo. Kwanza, anayetuza ameona kwa macho yake mwenyewe. Pili, anatoa kilicho chake. Tatu, anafanya hivyo mbele ya watu, wala hamfuati mwimbaji gizani. Kwa hiyo kutuza ni kutoa ushuhuda. Anayetuza anasema bila maneno, "Nimeona, nanyi shuhudieni, huyu amefanya vema."

Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na yule mzee. Tunajua anachokiogopa, maana methali nyingine yasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli. Tumewaona wanafunzi waliosifiwa mno wakaacha kusoma. Lakini kinachomharibu mgema ni sifa iliyozidi, au sifa asiyostahili. Ukimwambia mgema kwamba tembo la leo ni zuri, nalo ni zuri kweli, umemwambia ukweli, na ukweli haujapata kumharibu mtu. Kumnyima neno jema aliyefanya vema nako si unyenyekevu. Mara nyingi ni uchoyo tu.

Sherehe zetu

Sinema si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, alikuwa mchezaji mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu. Wazee watakumbuka magari ya sinema yaliyozunguka vijijini, kitambaa cheupe kikitundikwa uwanjani, jenereta ikinguruma, na watoto wakikaa upande wa nyuma wa kitambaa kwa kukosa nafasi mbele. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, na huku Bara ikaanza mwaka 1994. Tangu hapo tamthilia na filamu zetu zimekuwa mazungumzo ya kila nyumba. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki mwezi Aprili mwaka 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders kule Dar es Salaam kumuaga ulionyesha jinsi wachezaji hawa walivyoingia katika mioyo ya watu.

Tuzo zilifuata. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, hutoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Kenya ilianzisha tuzo zake ziitwazo Kalasha mwaka 2009. Huku kwetu Bodi ya Filamu, ambayo msingi wake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ilianzisha tuzo za kitaifa mwaka 2021. Kilele chake kilifanyika Mbeya, na mwaka uliofuata kikafanyika Arusha. Tunasema ni jambo jema. Nchi inayotoa kikombe kwa wacheza mpira na kumsahau anayewasimulia watu maisha yao ina upungufu.

Lakini tukikubali kwamba tuzo ni ushuhuda, linafuata swali zito zaidi kuliko lile la majivuno. Shahidi yampasa aseme ukweli wote. Je, tunapompa mtu mmoja tuzo kwa kazi ya watu wengi, tumesema ukweli?

Mikono mingi

Filamu ni kazi ya mikono mingi. Yuko aliyeandika, aliyeongoza, aliyepiga picha, aliyeshika taa, aliyenasa sauti, aliyeshona nguo, aliyekata na kuunganisha vipande, na aliyepika chakula cha wote hao. Wakati mwingine kazi ilianza zamani, kwa mtu mwingine kabisa. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Mwisho wa filamu majina yote hupanda katika kioo, nasi tunaosha vyombo au tunabadilisha stesheni.

Sisi wa Morogoro tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mto Ruvu unapata maji yake katika milima yetu ya Uluguru. Maji hayo hushuka, huchotwa kwa mitambo kule Ruvu Juu na Ruvu Chini, na wakazi wa Dar es Salaam huyanywa. Anayefungua bomba Kinondoni huishukuru bomba, wala hafikirii kijito chenye ukindu na mawe huku juu, wala mkulima aliyeambiwa asilime ukingoni. Hatumlaumu, kwa sababu mwenye kiu huona bomba. Lakini mtu akiandika kitabu aseme kwamba maji yanatoka bombani, huyo ameandika uongo.

Au tuchukue mfano wa muziki. Mji wetu ulijulikana Afrika Mashariki nzima kwa sababu ya Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipelekwa Japani kupiga katika maonyesho makubwa ya dunia kule Osaka. Mbaraka alifariki katika ajali ya gari mwezi Januari mwaka 1979, na mpaka leo jina lake halijafa. Anastahili kila sifa aliyopewa. Lakini mwulize kijana yeyote mjini akutajie aliyempigia Mbaraka ngoma, au aliyeshika gitaa la besi. Bila hao, gitaa lile lingesimama peke yake kama mtu anayezungumza chumbani mwake.

Mambo mawili ya mbali

Hebu tutazame nchi ya Marekani, ambako sherehe za namna hii zina umri mrefu. Tuzo zao za Oscar zilitolewa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1929. Utoaji wenyewe ulichukua kama dakika 15 tu, kwa kuwa washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa miezi mitatu kabla. Leo huchukua saa tatu na zaidi. Katika historia hiyo tumechagua mambo mawili.

La kwanza ni la mwezi Februari mwaka 1940. Hattie McDaniel alipewa tuzo kwa kucheza katika filamu ya Gone with the Wind, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Lakini hoteli ile haikupokea watu weusi. Aliruhusiwa kuingia kwa ombi maalum, akaketishwa katika meza ndogo pembeni, mbali na wenzake waliocheza naye filamu hiyo hiyo. Alipoitwa, alitoka pembeni, akapokea, akashukuru, akarudi pembeni. Mkono ulitoa tuzo, na kiti kikasema maneno mengine. Kumbe inawezekana kumtuza mtu na kumdharau usiku ule ule.

La pili ni la mwezi Februari mwaka 2017. Filamu iliyotangazwa kuwa bora ya mwaka ilikuwa La La Land. Wenyewe walipanda jukwaani, wakashika sanamu, wakaanza kushukuru. Mara ikajulikana kwamba bahasha iliyofunguliwa haikuwa yenyewe. Mmoja wa watayarishaji, Jordan Horowitz, akaenda kwenye kipaza sauti akasema kwamba kumetokea kosa na kwamba walioshinda ni wenzao wa filamu ya Moonlight. Akaionyesha kadi ya kweli mbele ya watu wote, na ile sanamu iliyokuwa mkononi mwake akawapa wenyewe.

Wengi waliicheka sherehe ile. Sisi hatukucheka. Tulimtazama yule mtu tukaona haya, kwa sababu sisi tulipata kusimama mahali kama pale, nasi hatukusema neno.

Deni letu

Mwaka 1993 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi milimani, upande wa Mgeta. Kulikuwa na mashindano ya maigizo ya shule za eneo lile. Binti mmoja wa darasa la sita alituletea daftari. Ndani yake alikuwa ameandika igizo la ndugu wawili wa kike waliogombania shamba la bibi yao. Mambo hayo yanafahamika sana kwa Waluguru, ambao ardhi yao hupitia upande wa mama. Maneno ya yule bibi katika igizo yalikuwa makali na yenye kuchekesha, na hatukuwa na haja ya kuuliza aliyatoa wapi. Aliyasikia jikoni kwao.

Tulilifanyia kazi igizo lile. Tulisahihisha Kiswahili, tukaondoa mtu mmoja aliyezidi, tukaongeza wimbo mwishoni. Kisha tukajaza fomu ya mashindano. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "Jina la mtunzi". Tulikaa na kalamu mkononi. Tukajiambia kwamba waamuzi hawataamini kuwa mtoto wa darasa la sita ametunga, kwamba tumesahihisha sana, na kwamba heshima ya mwalimu ni heshima ya shule. Tukaandika jina letu.

Shule yetu ilishinda. Mtunzi aliitwa kupokea cheti, nasi tukaenda. Tulishukuru viongozi wote kwa vyeo vyao, tukawashukuru wazazi, tukawashukuru wanafunzi kwa jumla. Kipaza sauti kilikuwa mbele yetu. Binti alikuwa hatua kama kumi hivi, amevaa kanga ya bibi. Hakulalamika, wala siku ile, wala baadaye. Tukadhani ya kuwa hakujali. Cheti kikakaa katika ukuta wa nyumba yetu miaka mingi, nasi tukastaafu nacho.

Miaka michache iliyopita tulikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa mjini kununua viazi. Mama mmoja mwenye mafungu ya karoti na kabichi kutoka Mgeta akasimama akasema, "Shikamoo, mwalimu." Tukaitikia, tukamtazama, tukamtambua. Tuliulizana habari za nyumbani na za watoto. Ndipo tukapata ujasiri tukamwuliza kama analikumbuka igizo lile.

Akasema analikumbuka lote. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba igizo ni lake, amelitunga yeye. Mama akaacha shamba siku ile, akashuka kwa miguu mpaka bondeni ili asikie jina la mwanawe likisomwa. Lilisomwa letu. Njiani wakati wa kurudi, mama akamwuliza kwa nini amemdanganya. Alijaribu kueleza, na mama akamwambia asiongeze uongo juu ya uongo kwa kumsingizia mwalimu.

"Kikombe sikukitaka, mwalimu," alisema. "Ila mama yangu alikufa akijua mimi ni mwongo."

Alisema maneno hayo bila hasira, akitupimia viazi. Hakukubali tulipe zaidi ya bei.

Tulichojifunza

Wapendwa, tumelifikiria jambo hili sana, nasi tunaona kwamba katika mabishano ya vijana wetu yamechanganyika mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe.

Jambo la kwanza ni kukosa tuzo. Hilo ni huzuni ndogo, na kila mtu yampasa ajifunze kuibeba. Zawadi haiwezi kugawiwa wote. Ikigawiwa wote haiwi ushuhuda tena, inakuwa posho. Waamuzi ni wanadamu. Watamwacha mwema mwaka huu na kumwona mwaka ujao, au wasimwone kabisa. Aliyefanya kazi njema akakosa kikombe, kazi yake ingali njema. Wasomaji wanaokasirika mpaka kutukanana kwa sababu ya mchezaji fulani wanapoteza usingizi wao bure.

Jambo la pili ni kuandikwa uongo. Hilo si huzuni ndogo. Mtu akichukua kazi yako akaiweka chini ya jina lake, hakukunyima zawadi tu, amekugeuza shahidi wa uongo katika maisha yako mwenyewe. Ukisema kweli, watu hawakuamini. Na ubaya wake haurekebishiki kwa urahisi, maana wale waliopaswa kusikia ukweli hufa mmoja mmoja wakati wewe unasubiri saa inayofaa.

Kikombe kinashikwa na mkono mmoja, hilo haliwezi kuepukika. Lakini ukweli haupungui ukigawanywa. Sisi tungeweza kubaki na heshima ya kusahihisha, ambayo ilikuwa yetu kweli, na kumwachia binti heshima ya kutunga, ambayo ilikuwa yake. Kila mmoja angerudi nyumbani na haki yake. Ilihitaji sentensi moja tu.

Kwa hiyo, jibu letu kwa vijana ni hili. Sherehe za tuzo ni njema, nazo zina asili katika ngoma zetu wenyewe. Anayetoa, aone kwanza kwa macho yake, tena aulize nani hasa aliyefanya. Anayepokea, ajue kwamba amepewa amana, na kwamba dakika moja ya kusimama mbele ya kipaza sauti ndiyo nafasi yake ya kuitoa amana hiyo kwa wenyewe, kwa majina, si kwa kusema "nawashukuru wote". Neno "wote" ni rahisi sana, nasi tulijificha ndani yake. Na sisi tunaotazama, filamu ikiisha, tukae kidogo majina yapande.

Kuhusu igizo la Krismasi, tunaomba jambo moja. Kabla ya watu kutawanyika, mmoja wenu asimame asome majina: aliyetunga, waliocheza, aliyeshona mavazi, aliyeazima taa, na aliyepika chai. Itachukua dakika tatu. Wazazi watakuwapo.

Yule mama tumemtembelea nyumbani kwake Mgeta. Tulikishusha cheti ukutani tukampelekea. Akakitazama, akakirudisha, akasema tuandike nyuma yake. Tukaandika hapo hapo, kwa kalamu ya wino, jina la mtunzi wa kweli, jina la igizo na mwaka, mbele ya watoto wake, nao wakasoma kwa sauti. Hapa hatuliandiki, kwa sababu tulipomwomba ruhusa alikataa. Alisema siku ya kusomwa jina lile ilikuwa moja, nayo ilipita.